Wito ulitoka bandarini, boti ilikuwa baharini: uchambuzi wa kisa cha redio ya VHF yenye DSC

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya manahodha na mabaharia wa boti ndogo zilizofungwa redio ya VHF yenye wito wa kidijitali (DSC). Majina ya watu, ya boti, ya bandari na ya nchi yameondolewa. Saa halisi pia zimeondolewa: badala yake nahesabu dakika tangu maji yalipoonekana ndani ya boti. Mfuatano umetokana na daftari la kituo cha redio cha pwani, maelezo ya nahodha na baharia wake, na kumbukumbu za meli moja ya mizigo iliyokuwa ikipita. Hakuna aliyefariki wala kuumia, na wote waliohusika wamekubali kisa kitumike kufundishia.

## Boti na redio yake

Boti ilikuwa ya faiba, urefu wa mita 9, yenye injini moja ya dizeli iliyofungwa ndani. Siku hiyo ilibeba watu 6: nahodha, baharia mmoja na abiria 4. Nahodha ni mtu wa bahari tangu ujanani, na boti yake ilikuwa na vifaa ambavyo nyingi za aina yake hazina: majaketi ya kuokolea ya kuwatosha wote, redio ya mkononi iliyochajiwa, na redio ya kufungwa ya wati 25 yenye DSC, ile ya daraja D inayoonekana kwenye boti nyingi ndogo. Antena ilikuwa kama mita 4 juu ya maji.

Kwa asiyeijua DSC, mambo yako hivi. Redio ina kitufe chekundu chini ya kifuniko. Ukikibonyeza ipasavyo, redio inahamia yenyewe chaneli 70, inapandisha nguvu hadi wati 25, na kwa muda usiofika hata sekunde moja inatuma ujumbe mfupi wa data. Ndani yake mna namba ya MMSI, yaani namba ya utambulisho ya chombo, yenye tarakimu 9. Aina ya hatari. Mahali chombo kilipo. Na saa ambayo mahali hapo palipimwa. Kila redio ya DSC iliyo ndani ya masafa inapiga king'ora, iwe ya kituo cha pwani au ya meli inayopita. Redio iliyotuma inasubiri jibu, na isipolipata inarudia wito kila baada ya dakika 3.5 hadi 4.5. Mazungumzo yanafuata kwa sauti kwenye chaneli 16, kwa sababu chaneli 70 ni ya data peke yake.

MMSI ya boti hii iliingizwa sawasawa, ikaandikishwa pamoja na jina la mmiliki na simu ya mtu wa nchi kavu. Tatizo lilikuwa kwenye mahali.

Redio hiyo haikuwa na GPS ndani yake. Ilitegemea plota, yaani skrini ya ramani iliyo mbele ya usukani, kuipelekea latitudo na longitudo kupitia waya mbili nyembamba. Miezi michache kabla ya tukio plota ya zamani ilikufa, ikafungwa mpya. Fundi aliunganisha umeme, akaunganisha antena ya plota, skrini ikawaka, kazi ikakabidhiwa. Zile waya mbili za data zilibaki nyuma ya dashibodi, ncha zake zimeviringishiwa utepe mweusi. Tangu hapo redio ikawa inalalamika kwamba haina mahali: inaandika kwenye skrini, kisha inalia. Dawa waliyoipata wenyewe ni kuingiza mahali kwa mkono. Kila asubuhi, boti ikiwa bado imefungwa kwenye gati, baharia alinakili namba kutoka plota hadi redio, kilio kikakoma, safari ikaanza.

Walichofanya kinaruhusiwa. Redio imewekewa nafasi ya kuingiza mahali kwa mkono ili itumike pale GPS inapokosekana. Ila anayeingiza kwa mkono anapaswa kurudia kila boti inaposogea, na wao waliingiza mara moja tu, wakiwa gatini. Redio nyingi hulihifadhi jibu kama hilo kwa saa 23.5 kabla ya kulifuta. Kwa hiyo siku nzima redio ilikuwa na uhakika kwamba boti iko bandarini.

## Mfuatano wa matukio

Dakika ya 0. Boti iko maili 19 za baharini kutoka kituo cha pwani. Usukani umekuwa mzito na boti imekaa chini upande wa nyuma. Baharia anafungua mfuniko wa chumba cha injini na kumwita mkubwa wake: "Nahodha, ngama imejaa." Ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika. Mpira unaoleta maji ya bahari ya kupoozea injini umechomoka kwenye kiungo chake, na maji yanaingia kwa nguvu. Pampu ya ngama inafanya kazi lakini imezidiwa.

Dakika ya 1 hadi ya 4. Nahodha anajaribu kufunga koki ya maji ya bahari. Imeshikwa na kutu, haizunguki. Injini inazimika yenyewe.

Dakika ya 5 hadi ya 16. Nahodha anatoa simu ya mkononi na kumpigia mmiliki. Simu inakatika. Anapiga tena, inakatika. Mara ya tatu wanasikilizana, na mmiliki anaahidi kutafuta boti nyingine. Baharia na abiria wawili wanakumba maji kwa ndoo.

Dakika ya 16. Nahodha anainua kifuniko na kubonyeza kitufe chekundu mara moja, haraka. Inatokea orodha ya aina za hatari. Anabonyeza tena, haraka vilevile. Hakuna kinachotoka.

Dakika ya 17. Baharia anasoma maandishi yaliyobandikwa kando ya redio: kishikilie mpaka hesabu iishe. Nahodha anashikilia. Skrini inahesabu kushuka, redio inalia, wito unatoka. Aina ya hatari haikuchaguliwa, kwa hiyo ujumbe unasema tu kwamba chombo kina dhiki, bila kutaja ni dhiki gani.

Kituo cha pwani kinajibu kwa DSC kabla dakika haijaisha. Redio ya boti inapiga king'ora kikali kuonyesha kwamba wito umepokelewa. Nahodha anakinyamazisha, anarudisha kipaza sauti mahali pake, na kwenda kusaidia kukumba maji.

Dakika ya 18 hadi ya 22. Kituo kinaiita boti kwenye chaneli 16 mara tatu. Hakuna jibu. Redio imehamia chaneli 16 kama inavyotakiwa, lakini asubuhi mtu alikaza kidhibiti cha mkwaruzo, kinachozima kelele za redio pamoja na sauti dhaifu, ili redio isisumbue abiria, na sauti ya kituo kilicho mbali haipenyi. Kituoni, skrini inaonyesha kwamba boti yenye dhiki iko kwenye gati, ndani ya bandari.

Dakika ya 23. Abiria mmoja anauliza, "Wamesemaje?" Baharia anakwenda kwenye redio, analegeza kidhibiti mpaka mkwaruzo unasikika, na ndani ya mkwaruzo huo anasikia jina la boti yao linaitwa. Nahodha anachukua kipaza sauti na kutoa Mayday, yaani wito wa dharura, kwa sauti.

Dakika ya 24 hadi ya 27. Kituo kinachukua maelezo na kuyarudia. Mashua ya uvuvi iliyo maili 4 kutoka hapo inajibu kwamba imesikia na imegeuza. Meli ya mizigo, iliyo maili 8, nayo inajitambulisha na kupokea Mayday.

Dakika ya 29. Kila nahodha anapobonyeza kitufe cha kusema, skrini ya redio inafifia. Betri iko chini, karibu na ngama, na maji yameanza kuifikia. Kituo kinamwelekeza apunguze nguvu hadi wati 1, asiseme mpaka aitwe, na awe na redio ya mkononi tayari.

Dakika ya 58. Mashua ya uvuvi inafika na pampu yake ya injini. Wavuvi wawili wanaruka ndani ya boti na spana kubwa. Koki haikukubali hata kwa spana, kwa hiyo wanachomoa kipande cha mpira kilichobaki na kugonga kigingi cha mti kwenye tundu.

Dakika ya 81. Boti ya uokoaji inafika, inawachukua abiria, na kuikokota boti hadi bandarini.

## Maamuzi na sababu zake

Nahodha alianza na simu kwa sababu alimjua mmiliki na aliamini mmiliki angepata boti haraka kuliko mtu mwingine yeyote. Alieleza pia kwamba aliogopa kubonyeza kitufe chekundu kwa jambo ambalo huenda angelimaliza mwenyewe. Hofu hiyo nimeisikia kwa manahodha wengi wazuri: wanadhani wito wa dharura ni tamko la kushindwa, kwa hiyo wanausubirisha mpaka wawe wameshindwa kweli. Boti iliyopoteza injini na inayoingiza maji kuliko pampu inavyotoa iko kwenye hatari kubwa na ya karibu. Hicho ndicho kipimo cha wito wa dharura, na kilitimia dakika ya 4.

Baada ya kupata jibu la DSC, hakusema kwenye chaneli 16 kwa sababu aliamini ujumbe umebeba kila kitu. King'ora cha jibu kilimpa faraja, akaona mikono yake inahitajika zaidi kwenye ndoo.

Uamuzi uliobeba kisa kizima ni wa opereta wa zamu kituoni. Aliona wito wa chombo kilicho gatini, kisichojibu kwa sauti, kisichotaja aina ya hatari. Kila dalili ilielekeza kwenye wito wa bahati mbaya, wa mtu anayesafisha redio au mtoto anayecheza na vitufe, na vituo vingi hupokea wito wa namna hiyo. Alichokiona zaidi ni tarakimu nne zinazofuata mahali kwenye ujumbe, yaani saa ya mahali. Wito ulikuwa umetoka dakika hiyo, lakini mahali palikuwa pamepimwa zaidi ya saa 6 kabla. Redio inayopokea mahali kutoka GPS inayofanya kazi haiwezi kuwa na pengo kama hilo. Akaandika kwenye daftari kwamba mahali hapaaminiki, kisha akafanya mambo matatu kwa mkupuo: aliomba mtu wa bandari atembee mpaka kwenye gati akaangalie, alifungua kumbukumbu ya MMSI na kupiga simu ya mtu wa nchi kavu, na aliamuru boti ya uokoaji iwashe injini na kusubiri kwenye mlango wa bandari bila kuelekea popote.

Gati lilikuwa tupu. Mtu wa nchi kavu alijua boti imekwenda upande gani na ilitarajiwa kurudi saa ngapi. Sauti ya nahodha ilipotokea dakika ya 23, boti ya uokoaji ilihitaji kupewa namba tu.

Afisa wa zamu kwenye meli ya mizigo naye alipokea wito wa DSC. Hakujibu kwa DSC, na alifanya vema. Jibu la DSC kutoka melini linaizuia redio iliyo hatarini kurudia wito wake, na kama kituo cha pwani hakijaupata, kinaweza kisiupate kamwe. Meli husikiliza kwanza chaneli 16 na kukiachia kituo nafasi ya kujibu. Lakini alipoona mahali ni bandarini, nyuma yake kabisa, alihitimisha kwamba jambo hilo halimhusu, akaendelea na mwendo uleule. Alibadili mwelekeo baada ya kusikia sauti.

## Matokeo

Watu 6 walirudi salama. Injini iliharibiwa na maji ya chumvi, lakini boti haikuzama. Mashua ya uvuvi haikuwa na DSC kabisa. Ilikuwa na redio ya kawaida, imewekwa chaneli 16, na nahodha wake ana desturi ya kuiacha wazi siku nzima.

Mmiliki alikagua boti zake nyingine mbili zilizofungwa plota na fundi huyohuyo. Moja ilikutwa na waya zilezile nyuma ya dashibodi, na utepe uleule.

## Uchambuzi

Saa ya mahali. Nahodha na baharia waliona tatizo la redio kila asubuhi, wakatibu kelele. Naelewa kwa nini. Redio inayolia ni kero, na ukishaijibu inanyamaza, na ikinyamaza inaonekana nzima. Lakini tazama walichokuwa wametengeneza. Redio isiyo na mahali hutuma ujumbe unaosema wazi kwamba mahali hapajulikani: nafasi ya mahali inajazwa tarakimu ya tisa (9) ikirudiwa tu. Opereta akiona hivyo anajua hana mahali na anaanza kutafuta. Redio iliyolishwa mahali pa gati hutuma jibu kamili, safi, na la uongo. Ya pili ni mbaya zaidi, na kama opereta yule asingesoma saa, tungekuwa tunaandika kisa kingine.

Kwa hiyo anayelazimika kuingiza mahali kwa mkono aingize na saa sahihi, kwa saa ya dunia ya UTC, na arudie njiani kila boti inapofika sehemu mpya. Mwongozo kwa meli ni kutopitisha saa 4. Kwa boti inayokwenda maili 15 kwa saa, saa 4 ni maili 60, kwa hiyo mimi nashauri kila saa. Ukishindwa kufanya hivyo, bora uiache redio bila mahali kuliko kuipa mahali pa zamani. Na tiba halisi ni zile waya mbili. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua waya ipi ya plota inatoa data na ipi ya redio inapokea.

Kitufe na sauti ni kazi moja. Hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi, na ndipo nisingependa msomaji apite haraka. Wito wa DSC uliamsha kituo kwa ufanisi mkubwa. Ulipiga king'ora, ukatambulisha chombo, ukafungua kumbukumbu ya mmiliki, na yote hayo bila nahodha kusema neno. Hakuna sauti ya mtu mwenye hofu inayoweza kufanya hivyo kwa chini ya sekunde moja. Lakini mashua iliyookoa boti haikuusikia wito huo wala isingeweza kuusikia. Ilisikia sauti. Kati ya jibu la DSC na Mayday ya sauti zilipita dakika 5 hivi, na dakika hizo mashua ilikuwa maili 4 tu, ikiendelea na shughuli zake.

Kuna sababu nyingine ya kusema. Ujumbe wa msingi wa DSC hubeba digrii na dakika kamili tu za latitudo na longitudo. Redio nyingine huongeza ujumbe wa pili wenye usahihi zaidi, si zote. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Boti ya mita 9 iliyokaa chini majini haionekani kirahisi ndani ya eneo la namna hiyo. Na ujumbe hausemi mko wangapi, kama mmevaa majaketi, kama injini imekufa, maji yanaingia kwa kasi gani.

Utaratibu unaofaa kukaririwa ni huu. Inua kifuniko, chagua aina ya hatari kama una sekunde za kufanya hivyo, shikilia kitufe mpaka redio ithibitishe kwamba imetuma. Subiri jibu kwa sekunde 15 hivi. Lije lisije, shika kipaza sauti, hakikisha uko chaneli 16 na nguvu ya juu, useme: Mayday mara tatu; hii ni, na jina la chombo mara tatu, na MMSI; halafu Mayday tena na jina mara moja; mahali; hatari yenyewe; msaada unaotaka; idadi ya watu; na jambo lolote litakalowasaidia waokoaji. Kabla hujakiacha kipaza sauti, legeza kidhibiti cha mkwaruzo mpaka usikie redio inakwaruza, kisha ukirudishe kidogo tu. Kelele kidogo haimdhuru mtu aliye hatarini.

Namba moja moja. Kuna jambo dogo la dakika ya 24 ambalo daftari la kituo limelihifadhi vizuri. Plota iliandika dakika za latitudo kama 14.45. Nahodha akasoma, "Dakika kumi na nne, arobaini na tano." Opereta alipofika hapo alimsimamisha: "Nahodha, ni nukta nne tano, au sekunde arobaini na tano?" Dakika 14 na sekunde 45 ni sawa na dakika 14.75. Tofauti yake na 14.45 ni dakika 0.30, yaani zaidi ya mita 550. Kwa boti kubwa yenye rada mita 550 si kitu. Kwa mvuvi anayetafuta kwa macho kichwa cha boti kinachojificha na kutokea kati ya mawimbi, ni nyingi. Soma namba moja moja na useme nukta ilipo: moja, nne, nukta, nne, tano. Na anayepokea arudie alichoandika, hata kama ana uhakika.

Simu ya mkononi. Dakika 11 za simu ndizo hasara kubwa kuliko zote kisani, zaidi ya mara mbili ya zile zilizopotea kwa kutosema. Simu inamfikia mtu mmoja, na mtu huyo hawezi kuisikia mashua iliyo maili 4 kutoka kwako. Mimi sipingi kuwa na simu botini. Ipigwe baada ya Mayday, na apigiwe mtu anayeweza kueleza safari yenu, kama yule wa nchi kavu alivyofanya.

Betri na antena. Redio ya wati 25 hunywa ampea 5 hadi 6 inaposema, na chini ya ampea 1 inaposikiliza. Betri iliyo karibu na ngama inaanza kufa saa ileile unapoihitaji. Kituo kilifanya busara kumshusha nahodha hadi wati 1, kwa sababu mashua ya uvuvi ilishakuwa njiani, karibu, na mawasiliano na yenyewe ndiyo yaliyokuwa muhimu. Wengi hushangaa kwamba wati 1 ilisikika. Masafa ya VHF yanaamuliwa na urefu wa antena kabla ya nguvu. Chukua kipeuo cha pili cha urefu wa kila antena kwa mita, yaani kile kinachotolewa kwa kitufe cha √, jumlisha viwili, zidisha kwa 2.2: hayo ni maili za baharini kwa makadirio. Antena ya boti ya mita 4 na ya mashua ya mita 9 zinatoa 2.2 × (2 + 3), yaani maili 11. Kituo chenye antena mita 100 juu ya bahari kinafika 2.2 × (2 + 10), kama maili 26. Maili 19 zilikuwa ndani ya masafa, lakini bila ziada kubwa, na ndiyo maana sauti ya kituo ilizimwa kwa urahisi na kidhibiti kilichokazwa.

Meli ya mizigo. Simlaumu afisa wa zamu kwa kutojibu kwa DSC. Ninachokiona kimepungua ni kwamba alikuwa na taarifa ileile aliyokuwa nayo opereta, pamoja na saa ya mahali, na akaisoma nusu. Ilikuwa sahihi kusikiliza. Baada ya kusikia kituo kinaita mara tatu bila jibu, angeweza kukiuliza kituo kama kina uhakika na mahali, na kusema yeye yuko wapi. Swali hilo lingechukua sekunde 20.

## Kilichobadilishwa kwenye boti

Waya zimeunganishwa. Betri ya redio imepandishwa juu, karibu na usawa wa sitaha, na imetengwa na ile ya kuwashia injini. Koki imebadilishwa na huzungushwa kila wiki. Karatasi yenye maneno ya Mayday, jina la boti na MMSI imebandikwa pale jicho linapotua ukiwa umeshika kipaza sauti, na baharia amekwishaisoma kwa sauti mbele ya nahodha, redio ikiwa imezimwa.

Ukaguzi wa kabla ya kuondoka sasa una hatua mbili za redio. Ya kwanza: baharia anatazama mahali na saa kwenye skrini ya redio yenyewe, siyo ya plota, kisha anatazama tena boti ikishatoka kwenye mlango wa bandari. Dakika za longitudo au latitudo ziwe zimesogea, na saa iwe ya sasa. Zisiposogea, wanarudi. Ya pili hufanywa mara moja kwa wiki: wito wa majaribio wa DSC kwa kituo cha pwani, kwa kutumia MMSI ya kituo, ile inayoanza na sufuri mbili. Wito huo hautumii kitufe chekundu, haupigi king'ora cha dharura kwa mtu yeyote, na kituo chenye uwezo wa kuupokea hujibu chenyewe kwa sekunde chache. Jibu likija, chaneli 70 inatoka na inaingia. Lisipokuja, fundi anaitwa kabla ya abiria kupanda.